Barakoa Moja, Watu Wawili

Mimi naitwa Mbodze. Kila asubuhi nilikuwa nikikaanga viazi karai mbele ya nyumba yetu, Kinondo. Mwaka ule wa korona, binti yangu Kahaso, wa miaka sita, alijikwaa kwenye jiko. Mafuta ya moto yakammwagikia mkono na kifua. Nikamkimbiza hospitali.

Wodini sharti lilikuwa moja: mgonjwa mmoja, mlezi mmoja. Nililala sakafuni siku tisa. Nikachoka hoi. Mdogo wangu Esha alikuwa nyumbani tu, maana hoteli yao kule Galu ilikuwa imefungwa.

Basi nikajiona mjanja.

"Esha, kimo chetu ni kimoja. Vaa buibui langu na barakoa yangu, uchukue na kadi yangu ya mlezi. Bawabu atajuaje?"

"Dada, tukishikwa je?"

"Ah! Nani ataona uso?"

Kweli, hakuna aliyeuona. Esha alikaa siku mbili. Alimlisha Kahaso. Alimbeba pia Charo, mtoto wa kitanda cha pili, mama yake alipokwenda kuoga.

Niliporudi, nilimkuta Esha akikohoa. "Ni vumbi tu, dada," alisema. Nami nilitaka liwe vumbi. Nikavaa barakoa ile ile, nikanyamaza.

Siku ya tatu tangu nirudi, Kahaso akapandwa na homa. Muuguzi wetu, sista Teresa, akaja kitandani.

"Mama Kahaso, kuna mtu mwingine aliyeingia humu?"

"La hasha, sista. Ni mimi tu."

Uongo ulinitoka upesi, hata mwenyewe nikashangaa.

Sista hakunigombeza. "Sikiza, mama. Ngozi ndiyo inayozuia vijidudu. Aliyeungua hana ngozi pale, na mwili wake umechoka kwa kupigania kupona. Korona ikimwingia, mapafu yanaugua. Kesho kutwa tulitaka kutoa ngozi pajani mwake, tuipandikize kifuani. Akiwa na korona, dawa ya usingizi ni hatari kwake. Ndiyo maana tunataka mlezi mmoja, tena mzima. Ukichoka, tuambie. Ukikohoa, tuambie. Nikijua nani aliingia, nitajua nani wa kupimwa."

Nikamtazama Charo. Alikuwa akinichekea. Uso ukaniwaka kwa aibu.

Nikasema yote, nikilia, walezi wote wakisikia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama Charo akasimama. "Mwanangu amebebwa na mtu anayekohoa, nawe ukanyamaza?"

"Nimekosa, mama Charo. Nisamehe."

Akanipa mgongo.

Tulipimwa sote siku hiyo, hata Esha aliyeitwa kutoka nyumbani. Esha alikuwa na korona. Kahaso pia. Mimi na Kahaso tukahamishiwa chumba cha peke yetu. Charo alipimwa mara mbili. Alhamdulillahi, hakuwa nayo.

Ngozi ya Kahaso ikangoja wiki saba. Kila bandeji ilipobadilishwa alipiga kelele, "Mama, basi!" Nami nilijua nani kamcheleweshea.

Katika wiki hizo nilishika kila neno la sista. Nilinawa kwa sabuni kabla ya kumgusa. Barakoa ilifunika pua na mdomo, na sikumwazima mtu yangu. Nilimpa mayai, samaki na kunde, apate nguvu. Nilipochoka, nilimwambia sista. Esha alipopona na kupimwa, aliingia kwa kadi yake mwenyewe.

Siku ilipofika, Kahaso akapandikizwa ngozi. Ikashika vizuri. Tulikuwa tumesharudi wodini, lakini Mama Charo alikuwa akipita kitanda chetu bila salamu. Sikumlaumu.

Kisha Charo akaruhusiwa kwenda nyumbani. Mama yake alikuwa akifunga virago, mtoto kiunoni, leso zinamdondoka. Akasimama. Akanigeukia.

"Mama Kahaso. Nishikie mtoto."

Niliinuka nikaenda kwenye bomba. Nikanawa mikono kwa sabuni, taratibu, huku akinitazama. Nikavuta barakoa juu ya pua. Ndipo nikampokea mwanawe.