Weka Kidole Kwenye Jibu

Kila asubuhi Khadijah hukaanga mandazi nje ya geti la ploti yao, mtaa wa Migosi, Kisumu. Wateja wake ni wanafunzi, walinzi wanaotoka zamu na vijana wa bodaboda. Mandazi huyafunga kwa magazeti ya zamani, ambayo hununua kwa kilo soko la Kibuye.

Asubuhi moja wateja walisikia jambo geni. Khadijah alikuwa akigeuza mandazi huku akisema Kiingereza. Alikisema haraka, macho yakitazama karai, bila hata kuvuta pumzi.

"Mama Aqil, umeanza kuhubiri?" kijana wa bodaboda akamuuliza.

"Nasoma. Unataka ngapi?"

"Nne. Na sasa unasoma wapi na hakuna kitabu?"

"Kitabu iko kichwani," Khadijah akasema, akamfungia mandazi yake.

Hakuwa akitania. Kuna chuo cha uuguzi ambacho kila mwaka hutoa nafasi chache za kusoma kwa ufadhili. Wanaoziomba ni wengi mno. Kwa hiyo chuo huwapa wote mtihani wa Kiingereza. Humo mna sarufi, msamiati, na vifungu vya kusoma na kujibu maswali. Wanaoshinda wenzao ndio huchukuliwa. Khadijah alikuwa ameufanya mara mbili, na mara zote mbili alianguka. Mwombaji hatakiwi kuzidi miaka thelathini na mitano, na mwaka huu Khadijah alikuwa nayo kamili. Mwaka ujao mlango ungefungwa.

Aliutaka uuguzi tangu mama yake alipolazwa. Muuguzi mmoja wa zamu alikuwa akimgeuza mama kitandani taratibu, na kila dawa alimweleza kabla ya kumpa. Mama alifariki. Lakini mikono ya yule muuguzi haikumtoka Khadijah moyoni. Alitaka na yeye awe mtu wa namna ile kwa mama wa mtu mwingine.

Bidii alikuwa nayo. Tatizo lilikuwa njia. Utotoni, madrasa, Khadijah alisifiwa kwa kuhifadhi. Mwalimu akimsomea leo, kesho anasoma mwenyewe bila kutazama. Sasa alifanya vivyo hivyo na Kiingereza. Alinunua karatasi za mitihani ya zamani, zenye majibu yake, akahifadhi vifungu vyote mwanzo hadi mwisho. Baada ya chakula cha jioni mumewe Idd, fundi wa cherehani, alishika karatasi na kumsikiliza. Khadijah akiruka neno, Idd anagonga meza kwa mkasi.

"Mwaka huu hawatakuweza," Idd alikuwa akisema. Aliamini hivyo kabisa, maskini.

Upande wa pili wa ukuta aliishi mpangaji mpya, Mwalimu Seline. Alikuwa amefundisha Kiingereza shule ya sekondari huko Muhoroni mpaka akastaafu. Sauti yake ilikuwa kubwa, kwa sababu miaka yote ile alishindana na trekta za miwa zilizopita nje ya darasa. Kila jioni alisikia vifungu vikipita ukutani. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

Asubuhi alikuja kununua mandazi, akavuta kreti tupu ya soda, akaketi.

"Mama Aqil, ile story ya mzee na ng'ombe, hebu niambie tena."

Khadijah alifurahi. Akaisema yote, ya mzee Wasike aliyeuza ng'ombe wake mmoja tu. Hakukosea hata neno. Kijana wa bodaboda alimpigia makofi.

"Vizuri," akasema Seline. "Sasa, Wasike aliuza ng'ombe kwa nini?"

"C," Khadijah akajibu.

"C ni nini?"

"Ni jibu. Swali ya kwanza ni C, ya pili ni A."

"Nyathina, mwanangu, mimi sikuuliza herufi. Nimeuliza huyo mzee alikuwa na shida gani."

Khadijah akafungua mdomo. Akaanza kifungu upya kimoyomoyo, akakipita chote, akafika mwisho. Maneno yote yalikuwepo. Wasike mwenyewe hakuwepo. Mandazi yakaanza kuungua na hakuyaona.

"Sijui," akasema polepole.

"Na mtihani ikikuletea mzee mwingine, na mbuzi?"

Khadijah akaopoa mandazi yaliyoungua. Alikumbuka mwaka jana, jinsi alivyofungua karatasi ya mtihani na kukuta kifungu ambacho hajawahi kukiona. Alikumbuka jasho, na kiti kilichokuwa kikiyumba. Machozi yakamjia, akayafuta kwa ncha ya leso.

"Basi nimepoteza miaka bure, Mwalimu?"

"Si bure. Una akili ya kushika, watoto wangu wa Muhoroni wangeililia. Lakini kuhifadhi ni kwa maneno ambayo hayabadiliki. Kurani unaihifadhi, hiyo ni heshima yake. Mtihani hauna heshima hiyo. Kila mwaka unabadilisha nguo. Wewe hapa, wageni wakiongezeka kwa harusi, unapika pilau namna gani?"

"Naangalia sufuria. Naonja."

"Unaona? Hukariri sufuria. Kesho wateja wakiisha, nitakuja tuonje Kiingereza."

Kesho yake alikuja kweli. Hakuleta kitabu. Aliokota kipande cha gazeti kwenye rundo la kufungia mandazi, na pembeni yake akaandika sentensi mbili kwa kalamu. *Ouma was reluctant to enter the water. He had seen a hippo there that morning.*

"Soma."

Khadijah akasoma, akakwama. "Hii reluctant siijui. Ngoja nitafute dictionary kwa simu."

"Kwa mtihani utakuwa na simu?"

"Hapana."

"Basi acha. Uliza majirani zake. Neno usilolijua lina majirani. Kuna nini kwa sentensi ya pili?"

"Kiboko. Ouma ameona kiboko asubuhi."

"Wewe ungeingia hayo maji?"

"Mimi? Siwezi, hata unipe nini."

"Kwa hiyo Ouma alikuwa anataka kuingia?"

"Hapana. Alikuwa anasitasita."

"Nani amekuambia?"

Khadijah akacheka. "Kiboko."

Wote wawili wakacheka mpaka mlinzi wa geti la pili akageuka kuwatazama. Neno lile Khadijah hakulisahau tena, na hakulihifadhi. Tangu siku hiyo, kila neno jipya aliliandika ndani ya sentensi yake mwenyewe, inayohusu watu anaowajua. Mteja asiyependa kulipa akaingia kwenye sentensi ya *reluctant*, bila yeye kujua.

Seline alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko zote. Khadijah akitoa jibu lolote, Seline humuuliza, "Liko wapi? Weka kidole." Khadijah alitakiwa kuonyesha mstari unaosema hivyo. Asipoupata, jibu halikubaliwi, hata kama ni kweli.

"Lakini hii najua ni kweli," Khadijah alilalamika siku moja. Kipande cha gazeti kilihusu kilimo cha mpunga. "Mimi nina shangazi Ahero, analima mchele."

"Mwenye mtihani hakuulizi habari ya shangazi. Anauliza kifungu imesema nini. Wacha shangazi kwa geti, ingia peke yako."

Basi ikawa hivyo kila asubuhi. Kabla ya kufunga mandazi, Khadijah alikisoma kipande cha gazeti. Kwanza alikisoma chote bila kusimama, ajue kinahusu nini. Kisha alijiuliza maswali: nani, wapi, kwa nini. Kisha alirudi kutafuta jibu kwa kidole. Wakati mwingine wateja walipanga foleni wakinung'unika.

"Mama, hiyo gazeti ni ya kufunga ama ya kusoma?"

"Ya kusoma kwanza. Ngoja nijue kama huyu mbunge alishinda."

Sarufi nayo haikuachwa. Kila siku Khadijah aliandika mistari michache juu ya mambo ya siku hiyo: unga ulivyopanda, mvua ilivyozima jiko, mwanawe Aqil alivyopoteza kiatu. Seline hakumrekebishia kila kitu mara moja. Alichagua kosa moja, akamwambia, "Wiki hii tunapigana na hili tu." Wiki moja walipigana na wakati uliopita. Wiki nyingine walipigana na kitenzi kinachotakiwa kubadilika mtendaji akiwa mmoja. Mtihani ulipokaribia, walianza kutumia saa ya simu. Dakika zikiisha, kalamu chini, hata kama jibu liko mdomoni.

Idd hakupendezwa. Siku hizi hakuna aliyemhitaji na mkasi wake. Jioni moja alimwambia mkewe amsomee kwa kichwa kile kifungu cha Wasike, na Khadijah akakwama katikati.

"Umesahau. Huyo mwalimu anakuharibu, Mama Aqil. Ulikuwa unajua yote, sasa hujui hata moja."

"Nilikuwa najua maneno, Baba Aqil. Sasa niulize Wasike aliuza ng'ombe kwa nini."

"Kwa nini?"

"Mtoto wake alikuwa amepata shule, na mzee aliona haya kumwambia hakuna karo. Aliuza asubuhi kabla mtoto hajaamka, ndio asimwone akilia."

Idd akaitazama karatasi ya kifungu. Kifungu hicho alikuwa amekishika mkononi jioni nyingi. Hakujua kama kilikuwa na mtoto.

Hata hivyo hofu haikumtoka Idd. Wiki ya mwisho kabla ya mtihani, alirudi kutoka dukani kwake akiwa na bahasha. Aliifungua mezani kwa siri, ingawa walikuwa peke yao.

"Hii ndio inakuja. Passage na majibu yake. Kuna mtu stendi ameniuzia, anasema ametoa ndani kabisa."

Khadijah akaitazama. Kifungu kilikuwa kifupi. Angekihifadhi kabla ya kulala, na angekuwa na siku nyingi za kukirudia. Ilikuwa nafasi yake ya mwisho, na kitu anachokiweza kuliko watu wote kilikuwa mbele yake juu ya meza.

"Baba Aqil," akasema, "kama hii ni ya kweli, ni wizi, na wakinishika nimekwisha. Kama ni ya uongo, wametuibia sisi."

"Na ukianguka?"

"Nikianguka nitaanguka nikiwa nasoma. Mwaka jana nilianguka nikiwa nasema tu."

"Mimi nilikuwa nataka kukusaidia."

"Najua. Nisaidie. Shika saa."

Akachukua kipande cha gazeti, Idd akashika simu na kuhesabu dakika. Asubuhi, kifungu cha yule mtu wa stendi kilifunga mandazi ya kijana wa bodaboda.

Siku ya mtihani ukumbi ulijaa. Wengi walikuwa wadogo kwa Khadijah. Aligeuza karatasi, akaona kifungu. Kilihusu wanakijiji wa nchi ya baridi ambao zamani walikuwa wakikata barafu juu ya ziwa. Ziwa lao liligeuka gumu, watu wakatembea juu yake na misumeno. Khadijah alizaliwa karibu na ziwa na hajawahi kusikia jambo kama hilo.

Kile kiti cha mwaka jana kikamrudia akilini. Akaweka kalamu chini. Akavuta pumzi. Kisha akasoma chote bila kusimama.

Barafu ile ilihifadhiwa ghalani mpaka kiangazi, imefunikwa kwa kitu kinachoitwa *sawdust*. Hakulijua neno hilo. Akauliza majirani zake. Kitu hicho kilitolewa kwa mafundi waliokata mbao, kilikuwa kikavu na chepesi, na mafundi hao walikitoa bure. Ubao ukikatwa hubaki nini? Vumbi la mbao. Akatabasamu, akaendelea.

Swali la nne liliuliza wanakijiji walihifadhi barafu ili wafanye nini. Jibu la kwanza lilisema, kuzuia samaki wasioze. Kalamu ikatia alama hapo yenyewe. Mtu wa Kisumu ukimtajia barafu, hafikirii kitu kingine. Kila siku huona malori ya samaki yakivuja maji ya barafu barabarani.

Liko wapi? Weka kidole.

Akateremsha kidole mstari kwa mstari. Samaki hawakutajwa hata mara moja. Palipoandikwa sababu, karibu na mwisho, palitajwa maziwa. Wanakijiji walifuga ng'ombe, na walitaka maziwa yafike mjini kabla hayajaharibika. Khadijah aliikata alama yake na kuchagua maziwa. Samaki akawaacha kwa geti, pamoja na shangazi.

Kengele ilipolia alikuwa amemaliza, na swali moja alikuwa amelirudia.

Kisha wakangoja. Wiki zikapita. Khadijah alikaanga mandazi na kusoma magazeti kama kawaida, maana sasa alikuwa ameshayazoea. Asubuhi moja simu ikalia ndani ya mfuko wa aproni. Ulikuwa ujumbe wa chuo, wa Kiingereza, mrefu.

Idd alikuwa akitoka kwenda dukani. Akasimama. Seline akanyanyuka kwenye kreti.

"Wanasema nini?" Idd akauliza.

"Ngoja."

"Umepita ama hujapita?"

"Baba Aqil, ngoja nisome yote kwanza."

Akausoma wote, taratibu, mpaka nukta ya mwisho. Mikono ilikuwa na unga hadi kwenye viwiko. Kisha akainua uso.

"Nimepita," akasema.

Seline alikunja mikono kifuani. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini sauti ilikuwa ile ile ya Muhoroni.

"Liko wapi? Weka kidole."

Khadijah akamgeuzia Idd simu. Akaweka kidole kwenye mstari wa tatu. Kioo kikateleza, maneno yakapanda juu, yakapotea. Akayarudisha chini, akaweka kidole tena, na safari hii Idd alimshika mkono usicheze.

Kisha Idd akainama, akasoma mwenyewe, neno moja moja, hadi mwisho.