Maji Yasiyoteleza

Ng'ombe sita wa Mzee Gidamis walikuwa wamelala wafu ukingoni mwa bwawa la magadi, Hanang, povu limewakauka midomoni. Juu kidogo tu ya bwawa, mlimani, kulikuwa na shamba la vitunguu la Wolfgang.

"Ni dawa zake za wadudu," alisema mzee.

"Ni magadi," alijibu Wolfgang. "Ng'ombe wako wana uroho, mzee."

Mkaguzi wa polisi Rogathe alijaza madumu mawili, akayatia lakiri, akayapeleka maabara, Mbulu. Huko Natalia, fundi wa maabara, aliandaa vyombo viwili: kimoja cha maji ya bomba, kingine cha maji ya bwawa kutoka dumu la kwanza. Akatia samaki wadogo waliozoea magadi. Wa maji ya bwawa wakifa, ni sumu.

Kesho yake wote walikuwa wakiogelea.

Rogathe alichanganyikiwa. "Sumu gani inaua ng'ombe, inaacha samaki?"

"Ndivyo kipimo kinavyoonyesha, afande," Natalia alisema bila kuinua macho.

Simu ya Rogathe iliita. Alikuwa Mzee Gidamis.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia samaki hawakufa. Basi ng'ombe waliobaki wana kiu, tunashuka bwawani."

Mzee akakata simu. Rogathe alichovya vidole katika chombo cha maji ya bwawa, akavisugua. Akasita. Alikulia Hanang, alijua maji ya magadi huteleza kama sabuni. Haya hayakuteleza.

Alivunja lakiri ya dumu la pili, akachovya tena. Yaliteleza.

"Nani ana ufunguo wa chumba hiki?"

"Mimi tu."

"Wolfgang kakupa nini?"

"Simjui hata sura!"

"Kwa nini ulibadilisha maji?"

Natalia alianza kulia. "Samaki walikuja juu, afande. Wanahema, midomo wazi. Mmoja akageuka tumbo juu. Nikamwaga maji yale, nikawahamishia kwenye maji ya bomba, wapumzike kidogo tu. Asubuhi nikaona aibu kusema."

Rogathe aliitafuta hasira yake, hakuiona.

"Na ng'ombe wa mzee, nani atawahamisha?"

Alipiga simu. Kengele za ng'ombe zililia upande wa pili.

"Mzee, warudishe! Maji yana sumu!"

Ulisikika mluzi mrefu, fimbo ikigonga pembe, kisha mluzi tena.

"Mzee?"

"Wamegeuka," alisema akitweta. "Mmoja alikuwa ameshainamisha kichwa."

Rogathe aliweka dumu mezani. Natalia alijifuta macho, akamimina maji yale ndani ya chombo, akachukua wavu. Samaki wa kwanza alirukaruka wavuni. Safari hii Natalia hakugeuza uso.