Vema Kumi na Nne

Kitu cha kwanza Kimya alichokiona ni kikombe. Mama yake alikuwa amekihamishia upande wa kushoto wa sinia. Plasta ilikuwa imeondolewa siku tano zilizopita, lakini mkono wa kulia bado ulilala mapajani, umezungushiwa bendeji, kama mgeni asiyetaka kusumbuliwa.

Mama alikuwa msusi. Aliteleza bafuni, akavunjika kifundo cha mkono. Wateja walikuja kumpa pole, wakaondoka na vichwa vyao timutimu. Binti yake ndiye aliyemuuguza. Majirani walimbandika jina la Kimya kwa sababu hata akiomba chumvi alinong'ona.

Siku ya kutolewa plasta, mtaalamu wa tiba ya viungo aliwapa karatasi ya mazoezi. Ilikuwa na maandishi mengi, na chini yake miraba kumi na minne ya kuweka vema kila siku. Akauliza kama wameelewa. Kimya akaitikia kwa kichwa.

Nyumbani aliikazia macho ile karatasi mpaka herufi zikamchezea. Picha moja ilionyesha mkono juu ya mto. Basi, akawaza, mkono unatakiwa kupumzishwa. Akaufunga bendeji, akaulaza juu ya mto, na kila jioni akaweka vema moja.

Baada ya wiki mbili walirudi na vema kumi na nne, na mkono mgumu kama ukuni.

"Naomba niushike, mama," alisema mtaalamu. "Ukiumia niambie, nitaacha."

Akaupima kwa kipimo chake cha plastiki. Haukuwa umelegea hata kidogo. Mama akauliza huku akitazama dirishani, "Nitasuka tena, au vitana nivigawe?"

"Siwezi kukuahidi, mama. Lakini hatujachelewa."

Mtaalamu akaitazama karatasi, kisha akamtazama Kimya, ambaye alikuwa akihesabu vigae vya sakafu akingoja kusemwa. Akaikunja karatasi, akaiweka kando.

"Kosa ni langu," alisema. "Niliwauliza kama mmeelewa. Ningewaomba mnionyeshe."

Akafungua bendeji. Aliwaeleza kwamba mto ni wa kuegemeza mkono tu, na kwamba mkono uliotoka kwenye plasta hukakamaa usipochezeshwa. Akapandisha kiganja polepole, akakishusha, mara kumi. Akafumba ngumi, akafumbua. Maumivu kidogo yanayotulia upesi si ya kuogopa, alisema, lakini yakizidi, au mkono ukivimba au kufa ganzi, warudi bila kusubiri siku yao.

Kisha akamgeukia Kimya. "Sasa mtaalamu ni wewe. Mgonjwa ni mimi. Nifundishe."

Kimya akajikaza. Alipokosea alirekebishwa, aliporudia akapatia. Mama akacheka, akasema mwalimu amepatikana, sauti tu ndiyo imesahauliwa nyumbani.

Mtaalamu aliuliza mama anautakia nini mkono huo kuliko vyote. Kusuka, akajibiwa. Basi zoezi la mwisho likawa hilo: kusuka nyuzi tatu nene zilizofungwa mguuni mwa kiti.

Kimya aliyachora mazoezi yote ukutani. Asubuhi, mchana na jioni alisimama hapo, akihesabu. Wiki ya kwanza mama alinung'unika kwamba kumbe alizaa askari. Wiki ya tatu kikombe kilirudi upande wa kulia. Baada ya miezi miwili mtaalamu aliupima mkono tena, akatabasamu, akamruhusu mama kuanza na kichwa kimoja kwa siku.

Cha kwanza kilikuwa cha Kimya. Alikaa chini, kati ya magoti ya mama, amempa mgongo. Vidole vilitembea taratibu, vikakaza mstari wa kwanza. Kimya aliitazama michoro yake ukutani.

"Mama," alisema, na safari hii hakunong'ona. "Ile karatasi sikuweza kuisoma."