Rangi ya Geti Haikai Kwenye Breki

Dereva alikuwa amechoka. Mke wake amechoka. Gari lenyewe limechoka kuwashinda wote wawili.

Kila asubuhi dereva huyu aliwachukua manesi wanne hospitali, wakitoka zamu ya usiku. Wakikaa tu, usingizi. Gari halijafika mteremkoni, vichwa vyote chini.

Siku moja nesi mkuu akachungulia gurudumu.

"Kaka, mbona huku ndani kutu tupu?"

Alionyesha kalipa. Kalipa ni kile chuma kinachobana diski ukikanyaga breki.

"Kutu ya nje tu, dada. Breki zinashika."

"Sisi tunaona ya nje. Ya ndani tutayajuaje?"

Jumamosi dereva akatoa kopo la rangi ya kijani. Lilibaki alipopaka geti. Kopo lenyewe haliishi! Alishapaka madirisha, kitanda, stuli tatu na banda la kuku. Mtaani walimwita Kijani.

"Baba watoto, hiyo si rangi ya geti?" mke aliuliza.

"Chuma ni chuma."

"Haya. Nimechoka kubishana."

Kijani hakusugua kutu. Alipaka juu yake, harakaharaka, mpaka kwenye mipira yake ya kuzuia vumbi na pini inazotelezea.

Jumatatu, mteremkoni, moshi. Gari zima likanuka rangi inayoungua. Kijani akasimamisha. Manesi wakaruka nje, viatu mkononi.

"Tunauguza walioungua, hatutaki kulazwa nao!" mmoja alifoka.

Nesi mkuu hakufoka. Hakuwa na nguvu hiyo. "Kaka, wiki hii tutajitafutia njia. Jumatatu ijayo likitoa moshi tena, tunachukua gari jingine moja kwa moja."

Wakaondoka kwa miguu. Kijani alikaa chini kando ya barabara. Hakuwa na kazi nyingine ya uhakika.

Jirani yao alikuwa mama mmoja, fundi wa kupaka rangi magari. Gari liliporudishwa nyumbani, mke akaenda kumwita. Fundi akaja na ovaroli lake, akakaa kwenye stuli ya kijani, akatazama kalipa. Rangi imevimba malengelenge.

"Shemeji, hapa ulipaka au ulikaanga?"

Kijani akainamisha kichwa. "Geti nililipaka hiyohiyo. Mwaka wa tatu huu, halijabanduka."

"Geti linaota jua tu. Breki inafanya kazi kwa kusuguana, na kusuguana ni moto. Ukishuka mlima, kalipa inapikwa."

"Basi ninunue ile ya ekzosi?"

"Ile inavumilia moto, sawa. Lakini nyingi zikidondokewa na maji ya breki zinatoka. Tafuta kopo lililoandikwa ni la kalipa za breki. Soma vitu viwili: linavumilia joto gani, na kama linahimili maji ya breki."

"Mimi kusoma kwangu ni kwa kukongoja."

"Kongoja. Kopo halikimbii. Ila kwanza fundi wa breki azikague. Rangi inazuia kutu, haiponyi breki mbovu."

Fundi wa breki alifungua, akaguna. Rangi ya geti iligandisha pini, kalipa ikawa haiachii diski. Ndiyo maana moto ulizidi. Akasafisha pini, akabadilisha mipira na pedi.

Dukani Kijani alisoma kopo kwa kidole, neno kwa neno. Watu nyuma yake wakasonya. Hakujali.

"Kijani hakuna?" aliuliza.

"Nyekundu na nyeusi tu."

"Mungu mkubwa," mke alisema pembeni yake.

Jumamosi wakaanza. Gari likakaa juu ya stendi za chuma, si jeki peke yake. Kijani alivaa miwani na kuziba pua, akasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana. Mikono ikamuuma. Akaosha kwa dawa ya kusafishia breki, akaacha ikauke. Mke akaziba kwa tepu ya karatasi kila kisichotakiwa rangi: mipira, pini, pedi, diski na skrubu ya kutolea hewa.

"Nipige nene mara moja tumalize?" Kijani aliuliza.

"Nene inachuruzika," alisema fundi wa rangi, aliyekuja kuwasimamia. "Nyembamba, mara tatu. Ngoja kila mara kama kopo linavyosema."

Kopo lilisema pia gari lisiendeshwe mpaka siku nzima ipite. Jumapili Kijani alilizunguka gari kama kuku anayetaka kutaga. Jioni akashuka mteremko peke yake, akarudi, akanusa. Hakuna kitu.

Jumatatu nesi mkuu aliinama penye gurudumu. Akaona nyekundu safi. Akanusa.

"Kalipa mpya?"

"Mipira na pedi ni vipya. Kalipa ni ileile. Nimeipaka rangi yake, na fundi amekagua breki zote."

Nesi akapanda, wenzake wakafuata. Mteremko ukafika. Kijani akakanyaga breki taratibu. Ilishika, ikaachia. Aliwasha kiyoyozi? Gari lile lini liliwahi kuwa nacho! Alifungua kioo tu, akanusa tena. Hewa.

Kisha akasikia sauti nyuma yake. Akatazama kioo cha kuonea nyuma.

Vichwa vinne chini. Nesi mkuu anakoroma.

Kijani akapunguza mwendo, asimwamshe.