Mpangaji wa Chumba cha Seva

Harufu ilianza baada ya adhuhuri, ofisi ikiwa kimya na feni ikisukuma joto kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Ilikuwa harufu ya maziwa ya ngamia yaliyotiwa moshi, kama yanavyonukia kwenye vibuyu vya wafugaji. Sirad aliinua kichwa akatazama mlangoni. Hakukuwa na muuza maziwa. Akairudia kompyuta yake.

Hakuwa na muda mrefu tangu atoke eda. Mumewe, Keinan, alikuwa dereva wa lori. Lilipinduka naye kwenye njia ya Lafey, akazikwa hukohuko kabla mkewe hajapata habari. Jamaa na majirani walijaa nyumbani kwake Garissa kumpa pole, wanawake wakalia mpaka sauti zikawakauka, naye akawapokea, akawamiminia chai, akawashukuru. Yeye hakulia. Si kwamba alijizuia. Alikitafuta kilio ndani yake akakikosa. Sasa alikula akiambiwa ale, na asubuhi alikuja kazini kwa sababu miguu ilikuwa inaijua njia.

Kampuni yao ilihifadhi tovuti za watu mtandaoni: za shule, za maduka, za vyama vya wafugaji. Mwenye kampuni, Dagane, alikuwa ameleta programu mpya ya bili, akampa Sirad kazi ya kupanga katalogi ya huduma. Huduma zilikuwa zimerundikana ovyo, nyingine zimeandikwa mara mbili, nyingine hakuna aliyekumbuka zilikuwa za nini.

"Kila kitu kiwe na mahali pake, abaayo," Dagane alimwambia kabla ya kusafiri kwenda Wajir. "Mteja akifungua ukurasa aone makundi yamekaa sawa. Tovuti huku, barua pepe huku, seva huku. Kisichouzwa, kifute."

Kazi hiyo ilimfaa. Haikumtaka ahisi kitu.

Siku ile ya harufu, chini ya kundi la mwisho, Sirad alikuta kundi ambalo hakuliunda. Liliitwa Makao. Alilifungua, ndani hamkuwa na huduma hata moja. Akalifuta. Harufu ilimjaa puani ghafla, kisha ikatoweka.

Kesho yake kundi lilikuwa limerudi.

"Ogle," alimwita fundi wa mitambo, "ni wewe unaniwekea hili kundi la Makao?"

Ogle alikuja akiwa na kikombe mkononi. Alikuwa mtu wa mzaha, na tangu mkewe, Iftin, ajifungue, mzaha wake ulikuwa umezidi.

"Mimi na bili wapi na wapi? Wallahi sijaingia huko."

Sirad akalifuta tena, Ogle akitazama. Hapo ndipo wakasikia koor, kengele ya mbao inayofungwa shingoni mwa ngamia. Ilikuwa ikigonga polepole, ko, ko, ko, kama ya mnyama anayetembea huku akila. Sauti ilitoka chumba cha nyuma, chumba cha seva.

Ogle alifungua mlango ule. Hakukuwa na kitu ila mashine kwenye makabati yake na taa zake ndogo za kijani. Akafunga. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Nimesikia."

"Na huogopi?"

Sirad alijichunguza kidogo. "Sijui," akasema.

"Liache hilo kundi, walaal. Tafadhali. Usiliguse."

Na kweli aliliacha, mpaka Dagane alipopiga simu akiwa Wajir, akisema ameutazama ukurasa, kila kitu kizuri, lakini hiyo Makao ni kitu gani, mbona iko hapo mbele ya wateja? Ogle alikuwa nyuma akirekebisha nyaya. Sirad hakumwita. Alisogeza mkono, akalifuta mara ya tatu.

Feni ilisimama, ingawa taa iliendelea kuwaka, na harufu ya maziwa ikaingia nzito kiasi kwamba aliihisi ulimini, na ile kengele ikaanza tena, safari hii haraka, si ya ngamia mmoja bali ya kundi zima linalokimbizwa kuelekea kisimani, likapita chini ya sakafu, chini ya meza, chini ya miguu yake, mpaka glasi zikatetemeka na vumbi likadondoka kutoka darini, kisha ghafla kila kitu kikanyamaza, na katika ule ukimya akasikia kikombe cha Ogle kikivunjika.

Alimkuta ameketi sakafuni katikati ya makabati, magoti yamekunjwa kikongwe. Damu nyembamba ilimtoka puani. Alipofungua mdomo, sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mzee sana.

"Kila kitu umekipa mahali," ilisema. "Mimi unanifuta."

"Wewe ni nani?" Sirad aliuliza.

"Nilikuwa na kisima hapa. Wakakijaza mawe, wakamimina zege, wakaniwekea hivi vyuma vya moto juu ya kichwa. Nikaomba mahali. Nikaomba tena. Sasa nimejichukulia mwenyewe."

Mtu wa duka la jirani alikwenda mbio kumwita Sharifo, mama anayesomea wagonjwa wa majini. Alifika na chetezo chake, akajaza chumba moshi wa ubani wa uunsi, akapiga magoti akamsomea Ogle sikioni, aya baada ya aya. Iftin alikuwa amefika pia, amesimama mlangoni na mtoto mchanga kifuani, akirudia neno moja tu, "Yaa Rabbi, Yaa Rabbi."

"Toka kwa mja wa Mungu," Sharifo aliamuru.

"Nitoke niende wapi?"

"Nenda porini!"

"Pori lina wenyewe."

Ogle alikuwa akipumua kwa shida, midomo yake imeanza kugeuka rangi. Sharifo alimgeukia Sirad, jasho likimchuruzika. "Ni mzee huyu," alisema kwa sauti ya chini. "Hatoki bila mahali pa kwenda. Na kijana hawezi kumbeba."

Sirad alimtazama Iftin pale mlangoni. Aliujua uso ule ungekuwaje kesho, watu wakija kumpa pole. Aliijua ile chai. Akachuchumaa karibu na Ogle.

"Kwangu kuna nafasi," akasema.

"Nyamaza!" Sharifo alipiga kelele. "Audhubillahi, usimkaribishe!"

Lakini Ogle alikuwa ameshaanguka ubavu, akikohoa na kuuliza kwa sauti yake mwenyewe kwa nini yuko sakafuni. Iftin alimwangukia. Harufu ilikuwa imekwisha. Feni ya ofisini ikaanza kuzunguka.

Sharifo aliweka kiganja kifuani pa Sirad na kusoma kwa muda mrefu, akingoja kitu kimjibu. Hakikumjibu.

"Unahisi nini, binti yangu?"

"Hakuna kitu."

"Hata uzito?"

"Hakuna, eeddo."

Sharifo aliokota chetezo chake. "Hapo ndipo ninapoogopa," akasema. "Nakuja kwako kesho. Na keshokutwa."

Sirad alirudi nyumbani, akampikia binti yake, Hinda, akasali isha, akalala. Hakuota.

Asubuhi alimkuta Hinda ameketi kando ya mkeka, amejifunika shuka mabegani, macho yamemvimba.

"Hooyo, umelia usiku kucha."

"Mimi?"

"Mdomo ulikuwa wako. Sauti ilikuwa ya bibi kizee." Mtoto alisema hivyo bila woga, kama anayesimulia mambo ya shule. "Alikuwa anamwita Aabo wangu kwa jina. Anasema, Keinan, inuka, Keinan, watu wamesubiri. Nilitaka kukuamsha, akanikataza. Akasema usiku ni wake."

Sirad aliugusa mto wake. Ulikuwa umelowa mpaka ndani. Akajigusa macho. Yalikuwa makavu.

Nje mbuzi wa jirani walikuwa wakilia kutaka kufunguliwa. Sirad akauliza, "Alimlilia vizuri?"

"Vizuri sana, Hooyo," alisema Hinda. "Hata mimi nililia naye."