Aliyekunja Nne Mlangoni

Jioni ile nilitoka mara moja tu kununua mafuta ya zeituni. Mdogo wangu Zosime alikuwa na uchungu wa kujifungua tangu asubuhi, na mafuta ya kumkanda yalikuwa yamekwisha. Niliporudi nilikuta bibi nisiyemjua ameketi kizingitini, amekunja nne, vidole amevipishanisha juu ya goti. Alinuka udongo uliochimbwa sasa hivi.

Smirna nzima inajua mkao huo. Anayeketi hivyo mlangoni pa mzazi anamfunga tumbo, mtoto asitoke. Ndani tulikuwa tumefungua kila fundo, mikanda hata nywele.

"Bibi, tafadhali. Achia vidole hivyo."

"Wewe si ndiye Filumene, daktari anayeandika?" akanong'ona. "Hebu lete kitabu chako. Nisomee pale pa mafundo."

Ndani Zosime akapiga ukelele. Nikakimbilia kitabu, nikasoma: *Mafundo hayana nguvu. Ni porojo za wakunga.*

"Sasa vidole vyangu vina kosa gani?"

"Nakuomba, bibi... ni mdogo wangu. Sina mwingine."

"Futa."

Nikachovya sifongo majini, nikaufuta mstari wangu mwenyewe. Wino ukanitiririka hadi kiwikoni.

Akaviachia vidole. Kimoja... kimoja...

Mtoto akalia.

Nilipoingia, mkunga Euporia alikuwa ameduwaa na uzi mkononi. Alifunga kitovu cha mtoto, uzi ukafunguka wenyewe. Akafunga tena.

Ukafunguka.

Damu ya Zosime nayo ilikuwa inamwagika. Tulimkaza mapaja kwa vitambaa vya sufu, lakini kila fundo lililegea mbele ya macho yetu, taratibu, kama kuna mtu analifungua. Nikatoka mbio mlangoni.

Hapakuwa na mtu. Nilimwomba aachie, naye alikuwa ameachia kila fundo.

Kitovu cha mtoto nilikibana kwa vidole mpaka kikakauka. Damu ya Zosime haikuwa na pa kubana.

"Dada..." alinong'ona, midomo myeupe. "Daktari mzima, hata fundo hujui kufunga?"

Alikuwa ananitania. Hakusema tena.

Moyo wangu haujapona mpaka leo. Binti yake sasa anatembea, na mkanda nikimfunga haukai. Wajawazito wa mtaani wameshaona. Wananibembeleza nimpeleke kwao siku ya uchungu, wajifungue upesi. Nawakatalia. Wananiita mchoyo, na mimi nashindwa kuwaambia mama yake alikufa vipi.