Zamu Zote za Bi Hind

"Thelathini zote unazitaka wewe, Bi Sayyida? Wenzio wasichume thawabu?"

"Nimeshasema, Mwalimu. Ramadhani hii maji ya Bi Hind juu yangu. Nna mtumishi, nna punda. Watoto wa watu waache wapumzike."

"Basi thawabu atapata punda," akatupia jirani yetu Mahbuba, baraza zima likacheka. Sayyida hakucheka.

Ilikuwa kwa Mwalimu Nasriya, hapa Maskati, jioni ya kuandama mwezi, mwaka wa sitini na tisa. Mwalimu alikuwa na chuo cha Kurani nyumbani kwake, na sisi tuliotoka Unguja ndiko tulikopeleka watoto. Mnajua desturi yetu: mtoto wa chuo humfagilia mwalimu wake, humtekea maji. Yeye alikataa. "Mimi nna mikono. Mtumikieni asiyeweza." Akawapangia watoto zamu, kila siku debe moja kwa Bi Hind, kikongwe kipofu asiye na mume wala mwana.

Zamu hizo ndizo alizozidaka Sayyida. Na msijifanye hamjui kwa nini: Ramadhani thawabu huzidi, na sifa nazo.

Siku nne mtumishi alipeleka. Ya tano Sayyida akaalika watu kufuturu, mtumishi akawekwa jikoni. Ya sita wageni wengine. Watoto wa chuo hawakwenda, maji yana mwenyewe. Nami nyumba yangu inatazamana na ya Bi Hind. Niliona mlango hauingiwi. Nikafanya nini? Nikaenda kumsengenya Sayyida kwa Mahbuba, tena kwa raha, na hali nimefunga.

Siku ya nane, baada ya alasiri, sikumsikia Bi Hind akisoma kama ada yake. Nikasukuma mlango. Alikuwa amelala chini kando ya mtungi, midomo imepasuka.

"Bi Hind, jana ulifuturu nini?"

"Tende."

"Na maji?"

"Yalibaki kidogo, nikatilia udhu. Leo nimetayamamu kwa mchanga."

"Na mimi nipo hapo mbele. Mbona hukuniita?"

"Niliambiwa yana mwenyewe, mwanangu. Nisimharibie thawabu zake."

Nilimwita Mwalimu mbio. Kikongwe alikataa kunywa, jua bado halijatua, mpaka Mwalimu akamwambia mgonjwa hafungi. Tulimnywesha kijiko kwa kijiko, mkono wake baridi mkononi mwangu, nami sijui kama ataiona magharibi. Aliiona. Aliketi.

FUNZO

Jamaa zangu, anayeudaka wema peke yake amewafungia wengine njia. Ukishindwa, sema mapema, wenzio wakupokee. Wanaokuhitaji hawashibi kwa ahadi yako. Na wewe uliyeona mlango hauingiwi, usiende kusimulia. Ingia.

Najua mnataka habari za Sayyida. Alikuja mwenyewe magharibi ile ile, akakwama kizingitini. Chumba kimejaa, uji umeshapakuliwa, na hakuna aliyemtazama. Siwafichi, mimi nilikuwa nangoja atolewe maneno.

"Nani huyo mlangoni?" akauliza Bi Hind.

"Mimi, Bi Hind. Sayyida."

Kikongwe akajivuta kidogo, akapapasa mkeka pale alipoacha nafasi.

"Adhana imeshalia, nawe hujala. Vua viatu, mwanangu, uje ufuturu."